Pipa la Bafuni

11 Oktoba

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama hajambo isipokuwa goti, na hilo goti sasa limekuwa mtu wa familia, kila anayeingia analiulizia hali. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama bado unanuna ukiamshwa mapema. Mimi nipo, nachomelea. Juzi nilimaliza geti la bwana mmoja wa ng'ambo ya reli. Alilisifu, akalizunguka, akalisifu tena, mpaka alipouliza karakana yangu iko mtaa gani. Nilipomtajia, akarudi kuzikagua zile pembe kwa ukucha, pembe zile zile alizokuwa amezisifu. Nikamwacha akague. Chuma hakijui kimechomelewa wapi.

Naandika kwa sababu kwenye simu una tabia ya kuniambia "mtandao unasumbua" nikianza kusema kwa kirefu. Tena mama simu haimfai, hasikii chochote, anabaki kupiga kelele peke yake. Barua anasomewa na Maswali, na akipenda mahali anarudishiwa.

Jambo lenyewe ni huyo huyo Maswali. Matokeo yametoka na mwanangu ndiye wa kwanza wa shule nzima. Mwalimu mkuu alimshika mkono mbele za watu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimetoka kazini na nguo za kazi, nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Nilifurahi, mdogo wangu, nisikufiche.

Sasa amepangiwa sekondari ya hapa hapa mtaani. Huna haja ya kuelezwa, umeisoma. Chumba cha maabara bado kipo, mlangoni kimeandikwa vizuri kwa rangi ya bluu, na ndani kuna viti vibovu mpaka darini. Mwalimu wa sayansi wa mwisho alifika na sanduku lake, akauliza maji yanatoka siku gani, akaambiwa Jumanne na Ijumaa alfajiri. Akasema anakwenda kuleta sanduku la pili. Mpaka leo tunalisubiri. Aliyebaki ni mwalimu wa hesabu anayeshikilia na sayansi, watoto wanamwita Tutaona. Maswali hata shule hajaanza, amekwisha kumfuata kumuuliza kwa nini chuma kikipata moto kinatanuka. Akajibiwa tutaona.

Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba nasikia mtaa wenu una shule ya serikali yenye maabara ya kweli, yenye mabomba na moto wa gesi juu ya meza, na watoto wa mtaa huo wanaingia. Nimesikia tu. Goti linakusalimu.

Kaka yako


5 Novemba

Kaka,

Sisi wazima, shemeji yako mzima, kazi ya kufua nguo za watu haijaniua. Barua yako ilikaa kwa yule dereva wa lori la unga, kaisahau mbele pale anapopachika vibali vyake. Imefika nyeupe kama mkate. Mwambie mama nimenunua dawa ya kuchua, nitaituma, na asiimalize kwa kuwapaka majirani.

Wewe ukisema husemi kitu, hapo ndipo umesema mambo matatu. Nimeyasikia yote.

Shule ipo, na ni kama ulivyosikia. Nimepita mara nyingi nikirudi kutoka dobi, madirisha yake ni makubwa, unawaona watoto wamevaa makoti meupe wanamimina vitu kwenye chupa. Lakini masharti yapo. Mtoto lazima awe ameishi mtaa huu mwaka mzima kabla ya kuandikishwa. Waliweka hivyo kwa sababu kila ukifika wakati wa kuandikisha, watu wa mitaa kama ya kwetu walikuwa wanashusha watoto na mabegi. Sasa yupo mwalimu anayepita nyumba kwa nyumba kukagua. Mimi namwita Miwani, maana anakutazama juu yake, si ndani yake.

Nimefikiri wiki nzima. Mlete mtoto. Tutasema yuko kwangu tangu mwaka jana. Shemeji yako hapendi. Unamjua, ni mtu anayekiri hata akiiba karata. Ameniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia njia ya mkweli kwa mtoto wa kule kwetu ilizibwa zamani, basi achague tunapita wapi. Akaenda kubadilisha taa za ngazi. Jengo ni lake kulisimamia, na akikasirika taa zinawaka vizuri sana.

Nyumba ni ndogo, vyumba viwili vya chini, lakini anwani ni ile ile ya wanaokaa juu. Na mwisho wa barabara kuna maktaba. Unaingia bure, unakaa mpaka saa kumi na mbili jioni, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Mimi niliacha shule nikidhani sina akili. Nilipofika huku nikaona watoto wa watu hawana akili kuliko mimi, wana maktaba tu.

Mlete upesi, kabla ukaguzi haujaanza.

Mdogo wako


12 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu fupi, basi linaondoka. Aliyebeba barua hii ndiye mzigo wenyewe. Bibi yake amelia kidogo, kisha akauliza nani atamsomea barua zako. Nitasoma mimi. Anasema mimi husoma kama mtu anayehesabu matofali.

Nimemuusia mtoto mambo mawili tu. Asimpe shangazi yake kazi ya kumsemea, na nyumba aliyofikia isiamke ikakosa maji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, huyu hatakuaibisha.

Sijui nikushukuru vipi. Nikipata njia nitakuambia.

Kaka yako


3 Desemba

Kaka,

Mpe mama pole ya goti na mwambie mjukuu wake ananenepa. Wewe soma polepole hapo, usirukie kama tofali.

Maswali amenishangaza. Siku ya pili tu alikwisha kwenda maktaba, siku ya tatu yule mama wa maktaba alinijia dobi kuchukua mashuka yake akaniambia, "Huyo binti yako ameniuliza vitabu gani havisomwi na mtu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anataka vile ambavyo hataombwa arudishe upesi." Nilicheka, halafu nikaenda kukaa nyuma ya mashine, sikutaka wenzangu wanione.

Ila nina kesi. Wewe ulimuusia maji, sasa njoo uone. Kabla hakujapambazuka vizuri yuko bombani. Anajaza ndoo, anajaza beseni, anajaza masufuria, anajaza chupa za soda alizookota. Nimemwambia, "Mwanangu, hapa maji hayakatiki." Akanijibu, "Sawa, shangazi." Kesho yake korido imejaa tena, zimejipanga kama zinangoja daktari. Shemeji yako akitaka chai anaanza kumwaga maji yaliyomo kwenye birika ili apate kuweka maji kwenye birika. Jana alikanyaga beseni akielekea chooni. Taa za ngazi ziliwaka sana.

Miwani anapita mtaa wa pili sasa. Kwetu atafika karibuni. Nimemwambia Maswali siku hiyo asibakishe hata kikombe, maana vyombo vyote hivyo vinasema ametoka wapi kabla yeye hajafungua mdomo. Ameelewa. Huyu anaelewa hata kile ambacho hujasema, wakati mwingine inatisha.

Tumeshazoeana. Jioni ananisubiri mlangoni anibebee begi. Sikujua kwamba nyumba yangu ilikuwa kimya.

Mdogo wako


22 Desemba

Kaka,

Natumaini barua hii na aliyeileta wamefika salama. Shemeji yako anakusalimu. Dawa ya mama imo ndani ya begi, chini ya nguo.

Kama unavyoona, haikuwa.

Miwani alikuja Jumamosi. Mtoto alikuwa amevaa vizuri, kajibu vizuri, masomo anayoyapenda, vitabu anavyosoma, jina la mama wa maktaba, yote. Yule mwalimu akawa anatabasamu. Alishaandika karibu kila kitu. Akaomba kunawa mikono. Akafungua mlango wa bafuni, akakuta pipa limejaa mpaka mdomoni, juu limefunikwa kitambaa kikavutwa na kuzungushiwa kamba. Akauliza maji yalikatika lini hapa. Nikasema hayajakatika. Akauliza, sasa hili la nini? Nikasema ni mambo ya mtoto, ana mazoea ya kujaza maji.

Akagusa ile kamba. Akasema, "Mtoto aliyekaa mtaa huu mwaka mzima amekwisha kusahau kujaza pipa." Akafunga kalamu yake. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa afadhali.

Ndiyo hivyo, zile ndoo za mtoto zimetuponza. Simlaumu, ni malezi, nawe ulimuusia kwa nia njema. Nimeona arudi mapema, asipoteze nafasi ya shule ya hapo, maana wakimkosa siku ya kwanza watampa mwingine. Usimgombeze sana.

Salimia wote.

Mdogo wako


9 Januari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Dawa mama ameipenda, anasema inanuka kama dawa ya kweli. Wifi yako ana mafua. Huku maji yameruka Ijumaa mbili, kwa hiyo tunaishi na Jumanne.

Barua yako ilifika mkononi mwa Maswali, na bibi yake hakutaka kungoja. Akamwambia, "Nisomee ya shangazi yako." Mimi nilikuwa mlangoni navua viatu. Akasoma yote. Akafika pale palipoandikwa kwamba ndoo za mtoto zimetuponza, akapasoma vile vile, sauti haikupanda wala haikushuka. Hakuruka neno. Alipomaliza akaikunja, akaiweka chini ya mto wa bibi yake, akaenda kuchambua mchele.

Nilimgombeza. Umesema nisimgombeze sana, nami nilianza kidogo, ila maneno yana mteremko wake. Nilimwambia amepewa ufunguo akautupa kisimani. Nilimwambia hata mtoto mdogo akiambiwa mwaga, anamwaga. Akasema, "Ndiyo, baba." Nilitaka ajitetee ili nipate kuendelea, hakunipa nafasi.

Ameanza shule. Darasani wanakaa watatu watatu na kitabu cha fizikia ni kimoja kwa madawati matatu. Nilimuuliza siku ya kwanza wamejifunza nini. Akasema mwalimu amechora kipimajoto ubaoni. Nikamuuliza, kinapanda? Nilikuwa namtania. Hakucheka.

Jambo moja tu linanisumbua. Tangu arudi hajaniuliza swali. Huyu mtoto aliyewahi kuniuliza moto wa kuchomelea unapokwisha unakwenda wapi, sasa anapita karakana, anasalimia, anapita. Karakana imekuwa kubwa mno. Asante kwa kujaribu. Usijisumbue kwa hili, umefanya zaidi ya wengi.

Kaka yako


20 Februari

Mdogo wangu,

Barua ya Januari hujaijibu. Nimemfuata dereva wa unga, ameapa alikukabidhi mwenyewe, na safari hii namwamini kwa sababu amesema ulikuwa umenuna.

Sisi hatujambo. Nitakueleza kilichotokea hapa, kisha utanijibu au utanyamaza, ni juu yako.

Mama huwa anaitaka barua yako ya Desemba. Kila Jumapili anasomewa, na kila Jumapili anainamisha kichwa pale pale. Jumapili iliyopita akasema, "Hapo kwenye kitambaa, rudia." Maswali akarudia: juu limefunikwa kitambaa kikavutwa na kuzungushiwa kamba. Mama akasema, "Tena." Akarudia tena. Halafu mama akanigeukia mimi.

"Mwanao anajua kufunga pipa?"

Nikasema mama, nani asiyejua.

"Yeye hajui," akasema. "Pipa la nyumba hii lina mfuniko tangu hajazaliwa, uliutengeneza mwenyewe ukaniumiza kichwa kwa kelele za nyundo. Kufunga kwa kitambaa na kamba nilimfundisha mtu mmoja tu, wakati hatuna mfuniko. Na mtu huyo alikuwa halali mpaka aende kulipapasa usiku kuona kama limejaa."

Mimi nikamtazama Maswali. Nikamuuliza, ile siku ulimwaga ndoo? Akasema alimwaga zote, alimwagilia maua ya mbele ya jengo mpaka shemeji akamwambia yatazama. Nikamuuliza, na pipa la bafuni ulilijaza wewe? Akaikunja barua yako. Kisha akasema, "Baba, shangazi alinitunza vizuri." Akainuka akaenda zake.

Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimechomelea dirisha moja mara mbili kwa kutokuwa na akili.

Nakuuliza kama kaka yako. Pipa lilikuwa la nani?


28 Machi

Kaka,

Sina salamu nzuri kuliko hii: mko wazima, na mimi nimeipata barua yako nikaisoma nikiwa nimesimama.

Naomba hii asome Maswali, kwa sauti, mbele ya mama, kama alivyosoma ile nyingine. Usimsaidie wala usimruhusu aruke.

Pipa ni langu.

Lipo hapo bafuni tangu nilipoolewa. Miaka yote hiyo maji ya mtaa huu hayakuwahi kukatika hata siku moja, na mimi kila Jumanne na kila Ijumaa nalijaza na kulifunga kamba. Shemeji yako alishauliza zamani, akaacha. Mimi mwenyewe silioni tena, ni kama ukuta. Nilikuwa nachekea ndoo za mtoto koridoni, na pipa langu liko nyuma ya mlango. Asubuhi ile nilizunguka nyumba nzima kuhakikisha hamna hata kikombe, nikapita kando yake mara sita.

Miwani alipouliza la nini, niliona aibu. Nimekaa mtaa huu miaka yote hii, nasalimiana nao, nafua mashuka yao, nazungumza kama wao. Nikaona mtu ameninyooshea kidole akasema wewe bado uko kule kule. Basi mdomo ukasema ni mambo ya mtoto. Na neno hilo hilo ndilo lililomfukuza. Ningesema ni langu, Miwani angecheka, angeandika, angekwenda. Shangazi mwenye mazoea ya ajabu si kosa popote. Nimelifikiria hilo kila siku tangu Desemba.

Maswali, wewe unayesoma. Ulinitazama, ukaona ninavyokutazama, ukakaa kimya. Kisha nikakupa ubebe barua inayosema ni wewe. Nisamehe, mwanangu. Niliona haya mbele ya mgeni nikakulipisha wewe.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika. Miwani akiwa mlangoni alisema hivi: akikaa hapa mwaka mzima kweli, hata uishe katikati ya muhula, mleteni afanye mtihani wa kuingia. Nilisikia vizuri. Ningemwacha hapa, mwaka wake ungekuwa unakwenda tangu Novemba. Nikamrudisha. Nilijiambia ni kwa ajili ya nafasi ya shule ya huko. Si kweli, kaka. Nilikuwa siwezi kumtazama akinibebea begi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita bomba kuu la mtaa limepasuka. Mtaa mzima ukakauka. Watu hawa hawajui kukosa maji, kaka, walikuwa wanafungua bomba na kulifunga, wanafungua na kulifunga, kana kwamba litaona huruma. Shule ilifungwa kwa sababu vyoo vilikataa. Siku ya pili mlango ukagongwa, alikuwa Miwani. Kumbe anakaa barabara ya nyuma. Ana ndoo mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Akasema amekumbuka kwamba nyumba hii ina maji.

Nikafungua kamba, nikamjazia. Nikiwa nachota nikamwambia, "Pipa hili ni langu, si la mtoto. Lilikuwa langu na siku ile." Akasema, "Nilijua baadaye. Uliposema ni mambo ya mtoto, alikutazama wewe kwanza, ndipo akainamisha uso. Mtoto mwenye kosa hufanya kinyume." Nikamwomba basi aihesabu ile Novemba yake. Akasema hapana. Mtoto alikwisha kuhama, mwaka unaanza siku atakayorudi. Akanishukuru kwa maji akaondoka, anaibeba ile ndoo vibaya, inamgonga mguu.

Sikukasirika. Sheria yake angalau anaisema mdomoni.

Najua nimempotezea miezi, na najua akija sasa ataacha nafasi ya huko, na akiingia hapa atakaa na wadogo zake. Sina haki ya kuomba. Naomba hivyo hivyo. Kitanda chake sijakitoa.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti halijambo, mafua ya wifi yako yamekwisha na sasa ninayo mimi. Ndiyo maana mwandiko unatetemeka. Ni mafua.

Amesoma kama ulivyotaka. Tulikaa wote, na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akakaa pia, hatukuwa na namna ya kumtoa. Maswali alisoma kwa sauti ile ile ya Januari. Alipofika pale penye jina lake akasimama, akanywa maji, akaendelea mpaka mwisho. Mama hakusema rudia.

Nilikuwa nimekasirika, nisikudanganye. Nilikuwa na barua yangu kichwani, ndefu, na wewe hukuwa unatoka vizuri humo. Nilimgombeza mwanangu kwa pipa lako, na hilo nimemwomba radhi mwenyewe, karakanani, mbele ya wateja. Akasema, "Sawa, baba," na safari hii aliniangalia. Lakini nikajiuliza pia, aliyemtia mtu hofu ya ndoo tupu hata akaenda nayo mbali vile ni nani. Si mama, si wewe, si mimi. Ni mtaa wenye Jumanne na Ijumaa. Umetoka humo na begi moja, na hofu ikapanda basi pamoja nawe bila tiketi.

Nilikuwa bado sijaamua. Kuacha nafasi aliyonayo ili akasubiri nafasi asiyonayo, mzazi gani anaamua hilo akiwa amesimama? Niliwauliza wenye busara na wasio nayo. Tutaona mwenyewe nilimfuata nyumbani. Usimdharau, yule mwalimu ana madarasa matano na chaki mbili. Akaniambia, "Mzee, mimi namchorea kipimajoto. Kama kuna mahali atakishika, mpeleke." Hakusema tutaona.

Basi jana jioni nimeketi nje napiga chafya, Maswali akaja akasimama kando yangu. Akauliza, "Baba, ile maktaba ya kwa shangazi bado inafungwa saa kumi na mbili?"

Ni swali lake la kwanza tangu Desemba. Nikamwambia sijui, nenda ukaone.

Anakuja na basi la Alhamisi. Atapoteza mwaka na ushee, naye anajua, amepiga hesabu kabla yangu. Akifika mwandikishe siku hiyo hiyo kwa huyo Miwani, mchana kweupe, mwambie ametoka wapi na amefika lini, mwaka uanze kuhesabiwa. Akiamka mapema akajaza ndoo, mwache ajaze. Shemeji amvumilie, nasikia taa za ngazi zinahitaji kazi.

Mzigo mwingine alionao ni wako. Nimekutengenezea mfuniko wa pipa, wa bati nene, una mshikio na ukingo unaokaa sawasawa. Kipimo sikukuuliza, midomo ya mapipa ni ile ile dunia nzima. Nilitaka kumpa dereva wa unga, Maswali amekataa, anasema ataupakata mwenyewe njia yote. Kamba sasa iache. Juu ya mfuniko nimechomelea jina lako kwa herufi kubwa, ili siku nyingine mgeni akiuliza pipa ni la nani, lijibu lenyewe.

Kaka yako